Sahani ya Ukoko kwa Baba Mkwe

Nawasimulia hili kwa sababu mmeniahidi hamtacheka, ingawa wewe hapo pembeni meno yako nimeshayaona. Ni kweli, mimi Imelda, mtu mzima na akili zangu, nilimpa baba mkwe ukoko mbele ya ndugu zake, tena nimepiga magoti.

Kwetu ni Tosamaganga, siku zote ugali, wali ni Jumapili baada ya misa. Mama akipakua, wali mweupe anatupa sisi watoto, halafu anakwangua sufuria, ule ukoko mgumu wa kahawia wote unaenda kwenye sahani ya baba, na tukiulilia anatufukuza, "Huo ni wa mkubwa wa nyumba!" Baba anautafuna taratibu, anasema, "Asante, mama Imelda." Basi nikakua najua ukoko ndo heshima yenyewe (shuleni sikuwahi kuuona, nikajua anakula mkuu wa shule). Hata mama aliponifundisha kupika aliniambia nikisikia harufu ya kuungua nisiogope, niache kidogo.

Mwaka jana mchumba wangu Festo akanipeleka kwao Ubaruku, kwa watu waliolima mpunga tangu enzi za mababu. Mama yake alitaka kupika mwenyewe, nikasema hapana mama, pumzika, leo napika mimi. Hicho kiherehere ndo kiliniponza. Nikapewa mchele mpya, umetoka mashineni asubuhi hiyo, nikaubandika, nikapalia mkaa juu ya mfuniko, na chini nikauacha uungue kwa makusudi kabisa, maana baba zake wadogo nao walikuwepo na sikutaka ukoko uonekane kidogo.

Wote nikawapakulia wali. Baba mkwe nikampelekea sahani ya ukoko mtupu, nimeupanga vipande vipande. "Karibu baba, hiki nimekutengea wewe."

Mzee anaangalia sahani, Festo anaangalia miguu yake. Shangazi yake akasema polepole, "Binti, huku kwetu huo anapewa mbwa."

Ningeomba radhi pale pale yangeisha, lakini mimi nikaanza kubisha kwamba kwetu ndo heshima, muulizeni mama yangu, na kabla Festo hajanizuia nimeshapiga simu, nimeweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Kamwene!" mama akaitikia kwa salamu ya kwetu, kwa furaha.

"Mama, ukoko si ni wa mkubwa wa nyumba?"

"Ndiyo, baba yako hana chakula anachokipenda kama hicho. Muulize, huyu hapa."

Baba akashika simu, nikamweleza nilichofanya. Akapiga kelele, "Umempa mkwe ukoko? Jamani, Imelda! Mama yako wali unamshinda, kila akipika unaungua. Tulipooana aliunguza akaanza kulia, nikamwambia naupenda hivyo hivyo ili anyamaze, ndo nimekwama nao mpaka leo!"

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko, baba mkwe mpaka anajifuta machozi. Mimi sikucheka, maana nyuma ya simu nilisikia sauti ya mama, ndogo kabisa: "Baba Imelda... kumbe?" Simu ikakatika.

Uchumba haukuvunjika (jioni ile ile mama mkwe aliniita jikoni, akanionyesha kipimo cha maji na wakati wa kupunguza moto). Wiki iliyofuata nikaenda Tosamaganga kuomba radhi. Nilitegemea matusi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria ameshaiosha, mchele ameshauchagua. "Nifundishe," akasema.

Nikamfundisha mama yangu kupika wali. Ukaiva mweupe, unachambuka. Akampakulia baba, akasimama mlangoni anamtazama anavyokula, na baba muda wote hakuinua uso.

Toka siku hiyo, jamani, nikiwa na swali la nyumbani kwetu natoka nje peke yangu, naliuliza huku simu nimeibana sikioni.