Aliyetengeneza Breki Apande

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe, aliyeniweka hai hadi mvi zikakimaliza kichwa changu. Alinipa subira kwanza, kisha akanipa haki yangu nikaiona kwa macho. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Nchi yetu ilipita katika mambo ambayo kalamu yangu haiyawezi. Hayo wayaandike wenye nguvu nayo. Mimi nasimulia jambo dogo la kazini, la kabla ya makubwa yale, kwa sababu lilikuwa langu na utamu wake haujanitoka mdomoni hadi leo.

Nilikuwa kapita, yaani msimamizi wa mafundi, katika gereji ya mradi mmoja pale Kacyiru, mtaa wa mlimani katika mji wetu mkuu. Kila asubuhi tulisimama duara uani, mafundi na madereva pamoja, Wakristo wengi na sisi Waislamu wachache. Kila mtu aliomba kwa dini yake, kimya, kisha nikagawa kazi. Na tulikuwa na ada moja iliyozipita zote. Gari likitengenezwa breki, fundi aliyezitengeneza alipanda mbele, kando ya dereva, mara ya kwanza linaposhuka mteremko wa Kinamba. Huko chini kulikuwa na mama aliyeuza chai. Dereva alimnunulia fundi kikombe, wakarudi. Ada hiyo haikuandikwa popote. Lakini fundi anayejua kwamba atashuka na gari lile yeye mwenyewe hakazi nati huku akitazama saa.

Kisha tukaletewa shefu mpya, yaani mkuu wa gereji, naye hakutoka mbali. Nilimfundisha mimi, tangu alipokuwa hajui kushika spana. Siku yake ya kwanza kushuka Kinamba aling'ang'ania mlango na kumwita Bikira Maria hadi kwa mama wa chai, nami nikacheka mpaka machozi. Baadaye mradi ukampeleka Ulaya kusomea uongozi. Akarudi na tai, na mchoro mkubwa wa vyeo, akautundika kwenye mlango wa stoo. Ulikuwa na visanduku na mishale. Mafundi walikuwa upande huu, madereva upande ule, na katikati yao hapakuwa na mstari wowote.

"Muzee," aliniambia mbele ya wote, tukiwa bado tumesimama duara, "hapa haiko musikiti. Watu wanakuja kufanya kazi."

Wenzangu wakatazama viatu vyao. Akaendelea. Duara limekwisha. Fundi havuki lango, maana kwenda kunywa chai Kinamba ni matembezi. Na kazi ya breki ilikatwa vipande: mmoja avue gurudumu, mwingine abadili breki, mwingine arudishe gurudumu.

Nilisogea mchoroni, nikapitisha kidole juu ya visanduku.

"Unatafuta nini, muzee?"

"Najitafuta."

Akacheka. "Uko kwa matairi."

Maana yake kibanda cha matairi machakavu, nyuma ya choo. Mtu niliyemfundisha kazi!

Jioni nilimsimulia mke wangu, nyumbani Nyamirambo. "Msamehe," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

"Nitamsamehe. Akishaonja."

Sikulegeza nati wala kumwaga mafuta. Hiyo ni haramu, na roho za watu si silaha. Nilichagua utii. Kila fundi aliyekuja kuchukua tairi nilimwambia, "Amri za shefu zifuateni zote, msipunguze hata moja." Na kila dereva nilimwambia, "Hakuna amri inayokukataza kuuliza nani alitengeneza breki." Walielewa. Kila sala nilimwomba Mungu aniweke hai niione siku hiyo, na kwa kuwa yeye hana haraka, mimi pia sikuwa na haraka.

Ikaja siku ya wafadhili. Walikuja kuyatazama mageuzi, na shefu akawasomesha mchoro kisanduku kwa kisanduku. Kisha wakatakiwa kushuka mjini kula. Gari kubwa la wageni, lililokuwa limetoka kubadilishwa breki asubuhi hiyo, lilikuwa tayari langoni. Dereva wake, mtu mnene mwenye maneno, alisimama nje mikono nyuma.

"Shefu, nani alitengeneza breki?"

"Serivisi ya mafundi," akasema, kama idara yao ilivyoitwa kwenye mchoro wake.

"Serivisi haina jina la ubatizo. Mimi nataka mutu."

Shefu akawageukia mafundi. "Mimi nilivua gurudumu tu," akasema wa kwanza. "Mimi nilirudisha tu," akasema mwingine. Yule aliyebadili breki akasema, "Mimi sikuona vile walifunga." Hakuna aliyesema uongo. Ndipo macho ya shefu yakanifikia, nikiwa nimeegemea tairi langu.

"Muzee, panda na dereva."

"Fundi havuki lango, shefu. Na mimi si fundi, niko kwa matairi."

Mgeni mmoja alikuwa amekaa Bukavu miaka mingi, akakielewa Kiswahili chetu vizuri. Akaniuliza, "Basi kwa mpango huu, gari likitoka hapa nani anabeba dhamana?"

Nilinyoosha kidole kuelekea mlango wa stoo. "Kisanduku cha juu kabisa, bwana."

Shefu akachukua funguo. Angefanya nini? Alishuka peke yake, kulijaribu gari, nasi tukajaa langoni kutazama, wageni mbele. Alishuka kwa gia ya kwanza, mlango wazi, mguu mmoja nje tayari kuruka. Mtu wa baiskeli mwenye mikungu ya ndizi akampita. Madereva wakapiga miluzi. Breki zilikuwa nzima kabisa. Mimi nilijua, mafundi walijua, na hata dereva mnene alijua. Aliyeogopa alikuwa yeye tu, na nilijua anamwita nani.

Wageni walipelekwa mjini kwa gari jingine. Yeye hakuthubutu kulishika tena, aliliacha lile kwa mama wa chai, akapanda mlima kwa miguu, shati limelowa. Akaja kibandani kwangu. Nilikuwa natandika mkeka kwa sala ya adhuhuri. Nikasali. Kisha nikasali sunna. Kisha nikavuta tasbihi taratibu, punje kwa punje, naye amesimama juani na tai yake.

"Baba," akasema nilipomaliza. Hakuwa ameniita hivyo tangu arudi Ulaya. "Rudisha duara."

"Na mteremko?"

"Na mteremko."

"Na mchoro utautoa kwa mkono wako, wenzako wakiona."

Asubuhi yake aliutoa. Nikaupokea, nikamshukuru kwa adabu, nikautandika chini ya lori lililokuwa likivuja oili. Kisha nikamwonyesha nafasi yake katika duara, kati ya dereva mnene na fundi wa magurudumu, nami nikagawa kazi.

Ndugu zangu wa msikitini hutaka niseme kwamba baadaye nilimhurumia. Namshukuru Mungu kwa mengi, na siku ile nimeiweka karibu na mwanzo wa orodha.

Nawe unayesoma, Mungu akupe riziki ya halali na wakubwa wenye masikio. Na kama yuko aliyekutoa katika duara lako, akupe umri wa kumwona akipanda mlima kwa miguu. Amina.