Nimeshikishwa mkono wa mkwe wangu

Jamani, leo nimeaibishwa mbele ya ukumbi mzima!

Sisi akina mama wa kanisa tulialikwa kwenye ukumbi wa River Road tucheze isukuti, ngoma ya kwetu. Tukacheza vizuri, nikamshukuru Mungu.

Halafu ikaanza dansi ya Kizungu.

Msimamizi akatupanga wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Akanivuta mpaka kwa nani? Kwa Shivachi, mume wa binti yangu, aliyekuja kututazama!

Shivachi akarudi nyuma.

Nikasema, "Bwana, huyu ni mkwe wangu. Kwetu hata salamu ya mkono hatupeani!"

Akacheka. "Mama, hayo ni ya kijijini. Hapa Nairobi!"

Akaushika mkono wangu, akautia ndani ya mkono wa Shivachi.

Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani!

Shivachi akatoka mbio, kofia ikabaki kitini.

Sasa binti yangu ameniletea habari kutoka kwao Kangemi: mumewe amesema hatakanyaga tena kwangu. Na ndiye aliyekuwa akija kila Jumapili, anakaa kule mlangoni, tunaongea bila kutazamana, tunacheka.

Ndugu zangu, kweli nimekosea? Au ni huyo msimamizi aende Kangemi akaombe radhi?