Sabuni Yenye Harufu

Mimi ni dereva, na sipendi madereva wasemwe vibaya mbele yangu. Hapa mpakani msichana akipotea, lawama ya kwanza ni yetu. Trela zinapanga foleni Malaba, madereva wanalala humo humo wakingoja karatasi zao, basi kila ubaya wanatupiwa wao. Nimewahi kurushiana maneno na mzee mzima kwenye kibanda cha chai kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba yule mtoto wa Sikuda naye aliondolewa nyumbani kwa mambo ya madereva, nilikasirika kwanza. Huzuni ilikuja baadaye, na mpaka leo haijaniacha.

Nilikuwa naendesha gari la watu wa utafiti wa afya. Walitaka kujua vijana wa Busia na Tororo, upande wetu wa Uganda, wanaingiaje kwenye pombe, kwenye kulala na watu wazima kwa ajili ya zawadi, kwenye kuacha shule, ili wajue namna ya kuyazuia mapema. Aliyekuwa akiuliza maswali ni dada mmoja wa Tororo, mcheshi, aliyeniita "mzee" makusudi kwa kuwa alijua sipendi. Mimi nilimwita "mheshimiwa." Tulielewana sana.

Kanuni kubwa ilikuwa siri. Maswali yale huwezi kumuuliza mtoto mbele ya bibi yake, na nyumba zetu hizi, chumba kisicho na mtu utakipata wapi? Ukikaa nje, jirani anakuja kuomba chumvi na masikio yake yote. Basi ikaamuliwa vijana waulizwe ndani ya gari, vioo vyeusi vimefungwa, na gari lisiandikwe chochote ubavuni, watu wasije wakasema mtoto aliyeingia mle ana virusi. Mimi nilikuwa nikishuka na kwenda kukaa mbali. Niliona ni jambo la heshima, tena nililisifu.

Kijana akimaliza alipewa shukrani. Pesa zilikataliwa, wakubwa walisema zitawashawishi. Wavulana walipewa kalamu na soksi. Wasichana walipewa pakiti ya pedi na sabuni ya kuogea, ile yenye harufu, si ile ya mche tunayofulia na kuogea humo humo.

Yule mtoto alikuwa darasa la saba. Mama yake alikuwa ameshafariki. Aliishi Sikuda na mama wa baba yake, ambaye alimwita kukhu kama Wasamia wanavyoita bibi zao, na baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga Masafu, akilala huko na kurudi nyumbani Jumamosi. Kukhu ndiye aliyekubali mtoto aulizwe. Aliweka dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa, akatubariki. Siku tuliporudi kumuuliza, kukhu mwenyewe alikuwa amekwenda matanga Masaba, na mtoto alikuwa peke yake akianika mihogo.

Kabla sijashuka garini nilisikia mheshimiwa akimwambia, "Yote tutakayozungumza humu ni siri. Hayatatoka."

"Hata kwa baba?" mtoto akauliza.

"Hata kwa baba."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikashuka nikawaacha.

Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu kunionyesha sabuni. Aliinusa, akacheka, akaninusisha na mimi. Akaniambia baba yake ameahidi akifaulu mtihani atampeleka shule ya bweni, na kwamba baba akiahidi kitu hasahau. "Mimi nasoma, mzee. Nasoma mpaka kukhu ananinyang'anya taa." Kutoka kwake hilo neno "mzee" halikuniudhi. Nikamwambia akiwa daktari hospitali ya Masafu asinidunge sindano bila kunisalimia kwanza. Alicheka tena. Hiyo ndiyo sura niliyobaki nayo, mtoto aliyevaa sketi ya shule, na sabuni puani.

Utafiti ule ulikuwa na desturi ya kuwarudia vijana wale wale baada ya muda, popote walipo, kuona wamebadilika vipi. Mwaka uliofuata tulirudi Sikuda. Kukhu alitukaribisha, akatupa maji.

"Hayuko," akasema. "Baba yake alimtoa shule kabla ya mtihani, akampeleka upande wa Kenya kwa binamu yake mwenye hoteli ya chapati. Anasema alikuwa na dereva."

"Dereva gani?" nikaruka.

"Mimi najua? Nilirudi kutoka matanga, nikakuta mtoto amekwenda. Nikamuuliza mwanangu, umeona nini? Anasema, mama, nimeona kwa macho yangu. Nikamuuliza, macho yako yaliona nini? Akainamisha kichwa. Hakusema mpaka leo."

Sasa najua kwa nini hakusema. Mwanamume wa huku hawezi kusimama mbele ya mama yake mzazi akataja pedi. Afadhali amezwe na ardhi. Lakini siku ile sikujua chochote, nilibaki tu nikinung'unika kuhusu madereva. Kukhu alitupa namba ya simu ya mwanawe na kutuelekeza ile hoteli. Tukaomba ruhusa kwa wakubwa, tukavuka.

Tulimkuta Busia ya Kenya, nyuma ya hoteli, akiosha vikombe. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Nilihesabu miezi kimoyomoyo kama mmbea, nikaona mimba aliipata huku huku, baada ya kuletwa. Baadaye mwenye hoteli alituambia ni ya mpangaji mmoja wa pale, mtu mzima, aliyehama tumbo lilipoanza kuonekana. Alisema kama anayesema mvua ilinyesha.

Mtoto wa watu alipotuona alipiga magoti kusalimia, vikombe mkononi. Nikamwambia, "Simama, mama, simama." Mheshimiwa akafungua mlango wa gari. Lakini msichana hakuingia. Alisimama pale, akamwangalia dada usoni, akauliza:

"Sasa naruhusiwa kumwambia baba?"

"Kumwambia nini, mdogo wangu?"

Akaeleza pale pale, mimi nikisikia. Baba alirudi Jumamosi, akakuta sabuni na pedi chini ya godoro. Jirani alikuwa tayari amemnong'oneza kwamba binti yake ameonekana akishuka kwenye gari la vioo vyeusi. "Akauliza, nani amekupa hii? Nikanyamaza. Akauliza, gari ilikuwa ya nani? Nikanyamaza. Akanichapa. Mlisema hata kwa baba."

Mheshimiwa alishika mlango kwa mikono miwili. "Siri ile ilitufunga sisi," akasema. "Sisi ndio tulikatazwa kusema. Wewe ulikuwa huru. Ungemwambia mtu yeyote, tangu siku ile."

"Kumbe," yule mtoto akasema.

Basi. Hakulia, hakutulaumu. Alisema "kumbe" akaweka vikombe chini. Mimi nilitaka kugombana na mtu, wallahi, nilitafuta mtu wa kugombana naye pale uani nikamkosa. Jirani aliona gari, na gari lilikuwepo. Baba aliona sabuni, na mpakani hapa sabuni ya harufu kwa msichana haitoki kwa mtu mwema. Dada alisema alichofundishwa kusema. Tulikwenda Sikuda kumkinga huyu mtoto, na yote tuliyotaka kumkinga nayo yakampata kwa mkono wetu. Inaniuma, na sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Nikampigia baba yake, nikampa simu bintiye. Aliifungulia simu spika kwa sababu mashine zilikuwa zinanguruma upande wa pili.

"Baba, ni mimi. Ile sabuni na zile vitu ilikuwa ya watu wa utafiti. Kukhu anawajua, aliweka kidole. Waliniuliza maswali ndani ya gari, wakanipa. Hakukuwa na dereva."

Tulisikia mashine tu. Halafu mtu akaizima, au yeye mwenyewe aliizima, na katika ule ukimya tukasikia mwanamume mzima analia, analia wazi, bila aibu ya watu waliosimama na magunia yao.

"Nyamaza, baba," akamwambia, huku akiyumba taratibu mguu huu na mguu ule, kama anavyombembeleza mwanawe. "Nyamaza. Nyamaza basi." Mtoto mgongoni alidhani anaambiwa yeye, akalaza kichwa, akafumba macho.