Makochi ya Bunju

Nilipomaliza kujenga nyumba yangu ya Bunju niliingiwa na wazimu kidogo, nikaijaza vitu. Makochi ya kahawia, meza ya mninga na viti vyake sita, kabati la vyombo, vitanda viwili, friji. Kiinua mgongo changu cha ualimu kiliishia humo. Mwalimu mwenzangu alikuwa amenihakikishia kwamba nyumba yenye vitu ndani huvuta wapangaji wa maana, watu wa mashirika wanaokuja na begi tu mkononi.

Niliwasubiri watu wa begi miezi minane. Aliyekuja ni nesi wa zahanati ya jirani, mama wa watoto wawili ambaye mume wake yuko kazini mkoani. Alikuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimejaa mpaka kamba za kuanikia nguo. Ningetegemea nini? Mpangaji wa Dar huhama na maisha yake yote. Nilimwambia achukue nyumba na vitu vyangu humohumo, kwa sababu kwangu Ukonga hapakuwa na nafasi hata ya kigoda. Nikampunguzia kodi kidogo, naye akakubali.

Sasa mimi nimeshika daftari la mahudhurio zaidi ya nusu ya maisha yangu, na ugonjwa huo hauponi. Niliandika kila kitu kwenye daftari, nikamzungusha nyumba nzima nikisoma kwa sauti: kochi la watu watatu, halina doa, kiti cha kwanza, kizima, kiti cha pili, kizima. Akasaini kila ukurasa, nikamwachia nakala. Mwisho nikamwambia, "Kitakachoharibika utaninunulia kipya, mama."

"Sawa, Mwalimu," alisema, akawatazama watoto wake. Mimi nikadhani anajivunia wanawe.

Wakati huohuo wakala mmoja wa bima, niliyemfundisha akiwa msichana mdogo, alikuja kwangu Ukonga. Nilikata bima ya jengo bila ubishi, maana nyumba ni jasho. Alipogusia vitu vya ndani nikacheka.

"Bima ya makochi? Nani ameshaona?"

"Mwalimu, bima ya jengo ni kuta, paa, milango na madirisha," alisema kwa subira, kama mimi nilivyokuwa nikimfundisha yeye. "Chochote unachoweza kupakia kwenye kirikuu ukahama nacho, hicho ni cha ndani, na kina bima yake."

"Vya ndani vina daftari," nikamjibu. Nikampa chai, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikiamini nimemshinda.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, miezi kadhaa baada ya kuhamia, nesi aliponipigia. "Shikamoo, Mwalimu. Samahani, huku umetokea moto. Umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa nguvu, ekstensheni ya sebuleni ikawaka. Majirani wameshauzima, ila sebule imeungua."

"Na makochi?" nikauliza.

Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikuita.

Nilichukua teksi. Tukiwa Ubungo nikampigia wakala wangu, nikamweleza. Alinipa pole ndefu, akasema kuta na dari nisiwe na wasiwasi navyo. "Ila vya ndani ulikataa, Mwalimu." Alilisema kwa adabu kabisa, na heri angenicheka. Nilikaa nikitazama nje, nikijua kiinua mgongo kimekwenda na daftari langu halitanirudishia hata mguu wa kiti. Tulikuwa tumeshapita Mwenge ndipo nilipokumbuka kwamba sikuuliza habari za watoto. Niliona aibu, nikamwomba dereva aongeze mwendo.

Uani nilikuta vitu vimetupwa juu ya mchanga uliolowa: runinga iliyoyeyuka upande mmoja, viti vya plastiki vilivyopinda, kapeti, mkeka uliobaki nusu, mabegi mawili ya nguo za watoto yasiyofaa tena. Sikukitambua hata kimoja. Nesi alikuwa amesimama katikati yake na sare yake nyeupe, masizi mpaka viwikoni.

"Watoto wako wapi?" Safari hii nilianza na hilo.

"Wako shule, Mwalimu. Hakukuwa na mtu ndani, na mie nilikuwa kazini."

Niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Vitu vyako vipo salama," akaongeza. "Njoo uone."

Alitoa ufunguo kwenye mfuko wa sare, akaniongoza kwenye korido mpaka chumba cha nyuma, akafungua. Makochi yangu yalikuwa humo, na nailoni za dukani bado zimeyavaa. Viti vilikuwa vimepangwa juu ya meza, miguu juu, na kila kimoja kimewekewa kitambaa chini kisichubue mninga. Vitanda vilikuwa vimefunguliwa, vimeegemezwa ukutani. Kabati na friji vilikuwa pembeni, vimefunikwa shuka. Moto haukufika huko, hata harufu ya moshi ilikuwa ndogo.

"Umevifungia lini?"

"Siku ya pili tu tulivyohamia. Wanangu wanarukaruka, Mwalimu. Nikasema vitu vya watu hivi, nitakaa navyo kwa amani gani? Sie tunakaaga zetu kwenye mkeka."

"Na mnalala wapi?"

"Chumba kile kingine. Tunaenea."

Nyumba ina vyumba viwili tu vya kulala. Kwa miezi yote ile alikuwa akinilipa kodi ya chumba cha kulaza makochi yangu, naye na watoto wakibanana kingine.

Lakini sitajifanya mwema kuliko nilivyo. Hilo la vyumba lilinijia baadaye. Pale mlangoni nilichokisikia ni raha tupu. Nilipapasa kochi kama mtu anayepapasa paji la mtoto aliyepoa homa, nikasema alhamdulillahi mara tatu.

Yeye naye alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Wakati nakimbia kutoka zahanati nilikuwa naomba tu. Nilimwambia Mungu, kiungue changu, cha Mwalimu kibaki. Ningekulipa na nini?"

Maneno hayo yalinikata maini. Niligeuka nikaitazama tena ile runinga kupitia mlango wa uani, na yale mabegi. Dua ya mtu huyu ilikuwa imejibiwa neno kwa neno, na aliyemfundisha kuomba vile ni mimi.

Alikwenda akarudi na nakala yake ya daftari. Alitaka tuhakiki. Nikamwambia alirudishe lilikotoka, anisaidie kuviunga vitanda tena, wavilalie. Watoto waliporudi shule walisimama mlangoni, wakamtazama mama yao kwanza, kisha mimi, kabla ya kuthubutu kuligusa kochi kwa kidole.

Bima ililipia kuta na dari, kama nilivyoahidiwa. Mafundi walipomaliza nilimleta wakala wangu Bunju aandike vya ndani. Hakunikumbusha chochote, Mungu ambariki. Alipita akiuliza, "Hiki cha nani?" naye nesi anajibu, "Cha Mwalimu," au, "Changu," mpaka wakaishia kucheka. Kisha wakala akamgeukia, "Dada, bima hii inabeba vya Mwalimu tu. Vyako vinataka ya kwako." Nesi aliwaza wiki mbili, akakata ndogo. Runinga mpya tulichangiana, na mabegi niliyanunua mimi.

Wenye nyumba wenzangu wa Ukonga huniuliza kama hiyo bima ina haja. Anayepangisha vyumba vitupu namwambia ya jengo inamtosha. Aliyeacha vitu vyake ndani namwambia akate, ili mpangaji aweze kuvikalia.

Ilichukua muda, lakini. Mara ya kwanza niliporudi, nailoni zilikuwa bado na juu yake ametandika kanga. Mara ya pili kanga ilikuwa haipo. Mwezi uliopita nilibisha hodi, nikakuta nailoni zimetoka, mtoto mkubwa amelala chali kwenye kochi la watu watatu anasoma, na katikati ya kochi hilo kuna doa la chai, kubwa kama sahani.

Nesi alitoka jikoni mbio na kitambaa kilicholowa. "Jamani, Mwalimu, ni huyu mdogo, jana tu, nilikuwa nataka..."

Niliitafuta hasira yangu, naijua inapokaa, sikuikuta.

"Na mie niletee chai," nikasema, nikaketi juu ya doa.