Diski Juu ya Mafiga

Kama kitu chako kilikuwa kimekataa kufanya kazi, na wewe ni mtu wa Kingi au wa vilima vya karibu kule Masisi, ulikuwa na njia mbili tu: ukitupe, au ukipeleke kwa Barthélemy Mbonigaba. Na kutupa, nani alikuwa anatupa kitu miaka ile? Basi nyumba ya Barthélemy ilijaa. Pasi za makaa zisizo na mshikio, taa zilizoziba, mashine za kushona zilizong'ata uzi zikakataa kuuachia, redio ya karani mmoja iliyokuwa inakoroma tu. Juu ya kitanda alilala yeye na mke wake Epiphanie, na chini ya kitanda zililala gramofoni za watu.

Ufundi aliupata kwa Mzungu mmoja wa shamba la kahawa, alikoingia kama boi wa kufua nguo. Siku moja gramofoni ya bwana ilinyamaza katikati ya wimbo, bwana akaipiga teke, halafu akaamuru itolewe mbele ya macho yake. Barthélemy aliibeba, akaifungua, akaifunga, akabaki na skrubu moja mkononi isiyo na kwao, na gramofoni ikaimba hivyo hivyo. Alipoacha kazi alipewa ileile iwe zawadi. Skrubu aliitunza maisha yake yote, maana hakuwahi kujua ilitoka wapi, na jambo hilo lilimkera kweli kweli.

Epiphanie alikuwa mtoto pekee wa Mama Mukashema, mjane aliyelima maharagwe na mihogo ng'ambo ya kijito. Alikuwa na sauti, na si mimi ninayesema, Kingi nzima ilisema. Akiimba kanisani, wengine walipunguza zao bila kuambiwa.

Mwaka wa hamsini na mbili akapita Mzungu mwingine, wa namna nyingine kabisa. Huyu hakutaka kahawa wala wapagazi. Alitaka nyimbo. Nyuma ya gari lake alikuwa na mashine ya kuchora sauti kwenye diski, na diski zenyewe zilikuwa za bati lililopakwa ngozi laini, nyeusi, zikinuka rangi mbichi. Epiphanie alisimama mbele ya mashine, mikono nyuma, akaimba wimbo wa kubembeleza mtoto aliofundishwa na mama yake. Alipomaliza hakujua kama amemaliza. Akamtazama Mzungu, akauliza, "Njo mwisho?", yaani ndio mwisho, kisha akacheka. Mashine ilikuwa bado inazunguka, ikachora na swali, ikachora na kicheko.

Mzungu alichora diski mbili, moja akaenda nayo, moja akamwachia mwimbaji. Kabla ya kuondoka alimwonya Barthélemy mambo mawili. Sindano ya chuma isiguse diski hii, itaikwangua, atumie mwiba. Na aitunze mahali pakavu, unyevu ni adui yake. Barthélemy aliyameza yote mawili. Alichonga miiba ya mlimao, akaichagua mmoja mmoja kama mwanamke anayechagua mbegu, na wakaisikiliza diski mara chache, Epiphanie akijificha uso kwa aibu.

Halafu resori ya gramofoni yao ikakatika. Resori, ile chuma ndefu iliyojikunja ndani ya sanduku, inayosukuma kila kitu. Ikikatika, gramofoni ni sanduku la kuwekea nguo. Na hapa ninamkasirikia Barthélemy, ingawa amekwisha kujikasirikia mwenyewe vya kutosha. Fundi gani huyo anayetengeneza vya watu na chake kinangoja? Lakini ndivyo walivyo mafundi.

"Ya watu yote inaimba," Epiphanie alimwambia. "Ya kwetu njo inanyamaza."

"Nitatengeneza, mama. Acha nimalize hii ya katekista kwanza."

Akamaliza ya katekista, ikaja ya mwingine. Mvua kubwa za mwaka uliofuata zikaja na homa, na homa ikamlaza Epiphanie. Barthélemy alimbeba kwa machela pamoja na majirani hadi kwenye zahanati, wakamrudisha kwa machela ileile. Hakuacha mtoto. Aliacha nguo zake, jembe lake, na ile diski.

Baada ya matanga Mama Mukashema aliomba diski. Hakuomba nguo wala jembe.

"Mukwe wangu, wewe uko na nyumba ya vyuma tu," alisema, macho chini, kama inavyotakiwa mwanamke akisema na mume wa binti yake. "Huku kwako kitu kinapotea. Nipe mimi nimutunze."

Alisema nimutunze, si niitunze. Barthélemy alisikia. Akaifunga diski katika kitambaa, akampa kwa mikono miwili, akamwambia neno moja alilodhani linatosha: "Mama, uiweke pahali pakavu kabisa. Unyevu usiifikie hata kidogo."

"Pahali pakavu ninapajua," alisema Mama Mukashema.

Kisha Barthélemy akaenda kutafuta resori. Masisi nzima hakuna, lakini msafiri mmoja alimwambia kwamba huko Ntoto, upande wa Walikale, mchuuzi anayeitwa Polycarpe alikuwa na gramofoni iliyoanguka kutoka kichwani kwa mpagazi. Mkono wa gramofoni ulivunjika, sanduku lilipasuka, lakini ukizungusha mpini ulisikia resori inakaza vizuri. Barthélemy akateremka kwa miguu, akaacha vilima vya baridi, akaingia kwenye msitu ambako matope yanavua watu viatu. Hata hivyo Polycarpe hakuwa mtu wa kutoa kitu bure. Alimtolea taa, alimtolea mashine ya kushona, alimtolea saa ya ukutani isiyokuwa na mishale, akasema, "Tengeneza hizi, fundi, habari ya resori tutaiongea." Barthélemy akatengeneza. Alipomaliza, mto ulikuwa umechukua daraja, akangoja mvua zikatike, akiwa amekaa barazani kwa Polycarpe na resori mapajani, amefungwa huko bila kosa. Kila alipofumba macho alimsikia mke wake akisema ya kwetu njo inanyamaza.

Aliporudi Kingi hakupumzika hata nyayo. Aliifungua gramofoni, akaosha mafuta ya zamani kwa petroli, akaingiza resori mpya. Ilimrukia, ikamchana kiganja, akakifunga kiganja kwa kitambaa, akaendelea. Akajaribu kwa diski aliyoazima kwa katekista. Ikaimba safi, bila kukoroma. Barthélemy alilia pale mezani, si kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu matanga alikuwa na kitu cha kufanya kwa ajili ya Epiphanie, na alikuwa amekifanya.

Jumapili baada ya misa alilibeba sanduku hadi kwa mama mkwe wake. Majirani walikuwa wamekwisha kukaa uani. Mama Mukashema alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, ameoga, amejipaka mafuta. Akamwekea mukwe wake kiti mbali kidogo na mlango, heshima ikiwa pahali pake.

"Ulimuweka wapi, Mama?" Barthélemy aliuliza. Na yeye pia sasa alisema ulimuweka.

"Ngoja."

Akaingia jikoni. Sasa fahamu kwamba Barthélemy hakuwahi kukanyaga jikoni mle. Mwanaume haingii jikoni kwa mama wa mke wake, hata nyumba ikiungua atafikiri kwanza. Angeingia mara moja tu, kwa kosa tu, angeona. Maana katika vilima vile, ambako ukungu unalala na watu kitandani, mahali pakavu ni mahali pamoja tu, na kila mwanamke anapajua: ni kwenye uchaga ulioning'inizwa juu ya mafiga. Pale ndipo mbegu za maharagwe zinalindwa na moshi, fukusi asizitoboe, zisiote kabla ya wakati. Kitu cha thamani kuliko vyote katika nyumba kinakaa pale. Mama Mukashema aliweka mbegu zake upande mmoja, akamweka mtoto wake upande wa pili, na kila siku, asubuhi na jioni, moto ukawaka chini yake.

Alitoka amekumbatia kifurushi cheusi kwa masizi. Barthélemy aliipata harufu ya moshi puani kabla hajakigusa, akajua ilikaa juu ya moto. Alifungua kitambaa polepole, akiwa amewapa watu mgongo. Ngozi nyeusi ya diski ilikuwa imepasuka, imejikunja, imebanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake bati likawa linang'aa wazi. Vipande vingine vilibaki kwenye kitambaa. Pale katikati tu, kuzunguka karatasi ya jina, ulisalia ukanda mwembamba mzima, mwisho kabisa wa wimbo.

"Nilimutunza vizuri?" aliuliza Mama Mukashema nyuma yake. "Unyevu haukumufikia. Kila siku nilikuwa ninamuangalia."

Ungefanyaje wewe? Mimi nimelifikiria sana na sijui. Barthélemy alijilaumu kwanza kwa lile neno lake moja, pakavu, ambalo hakuliongezea la pili, mbali na moto.

"Ulimutunza vizuri, Mama," alisema.

Akaweka diski juu ya gramofoni, akazungusha mpini, akatafuta ule ukanda kwa mwiba wa mlimao. Mwanzo, upepo tu. Halafu nusu ya neno la mwisho la wimbo. Halafu Epiphanie, karibu kabisa, kana kwamba amesimama pale mlangoni, akauliza, "Njo mwisho?" Akacheka. Mwiba ukagonga karatasi.

Mama Mukashema alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Kisha akajibu, kwa sauti ya kawaida anayoitumia mama akiwa shambani na mwanawe. "Hapana, mwanangu. Endelea."

Hakuuliza wimbo uko wapi. Labda alidhani diski ndivyo zilivyo, zinatoa kidogo kidogo. Alimwomba Barthélemy arudi Jumapili nyingine.

Akarudi. Akarudi na iliyofuata. Kila mara swali, kila mara kicheko, kila mara mama akijibu, endelea. Na kila mara Barthélemy, akiinua mkono wa gramofoni, aliona kwenye ncha ya mwiba vumbi jeusi kidogo. Yeye alijua vumbi lile ni nini. Diski laini inalika na mwiba kama inavyolika na chuma, taratibu zaidi tu. Alichonga miiba myembamba zaidi, akaupunguzia uzito mkono wa gramofoni, akafunga uzi wa kuuinua nyuma, akafanya kila ambacho fundi angeweza kufanya, na ambacho wengine wasingeweza. Kicheko kikawa hafifu. Alitaka kumwambia, Mama, tuache, tukimsikiliza tunammaliza. Alikwenda akiwa ameyapanga maneno kichwani, akamkuta ameoga na amejipaka mafuta, ameweka kiti, na Barthélemy akazungusha mpini tu. Kumnyima alishindwa. Akimpa, aliona kinavyoisha. Hakuna mtu wa kumwuliza. Hata padri, alipomweleza, alisema tu atamwombea.

Jumapili moja ya mwezi wa maua ya maharagwe mwiba ulipita kwenye ukanda wote, na kilichotoka ni upepo. Barthélemy aliurudisha nyuma, akaupitisha tena. Upepo. Mama Mukashema aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio, midomo imekwisha kukaa tayari kwa jibu lake. Alingoja. Karatasi ikagongwa, tak, tak, tak, resori ikaisha nguvu, diski ikasimama.

Mama Mukashema aliketi wima, akaitazama gramofoni, halafu akamtazama mukwe wake usoni moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mashini yako imeharibika tena, mutoto wangu," alisema taratibu. "Uende uitengeneze. Nitangoja."

"Ndiyo, Mama," alisema Barthélemy.

Akalibeba sanduku, akavuka kijito, akaliweka mezani kwake katikati ya pasi na taa za watu. Akalifungua. Akalegeza skrubu zote, akatoa resori, akaifuta, akaipaka mafuta mapya, akairudisha. Akaweka diski ya katekista, ikaimba safi kabisa. Akaizima, akalifungua sanduku tena.