Mgeni, na Mgeni Peke Yake

Darren alikuja bondeni kwetu Nant-y-Gelli akiwa dereva wa lori la maziwa. Huku Wales mtu huitwa kwa kazi yake, basi akawa Darren Maziwa. Kaka yangu Gwilym, mfugaji, alimwita Mwingereza tu. Kisha binti yangu Nanw akampenda, na usingizi wangu ukapungua.

Hakuwa mbaya. Alivua buti mlangoni na mkate wangu wa zabibu aliula mpaka makombo. Lakini mama hutazama. Mtu wa jiji la Birmingham atadumu bondeni? Watoto wao watasema nami kwa lugha gani?

Nanw alimfundisha Kiwelisi mezani pangu. Jioni moja Darren akaweka kamusi chini, uso umembadilika.

"Mama, unajua Waingereza walipowaita *Welsh* walimaanisha nini?"

"Si sisi? Walimaanisha nani tena?"

"Wageni. Hapo zamani neno lilikuwa na maana hiyo. Babu zangu waliwakuta kwenu, wakawaita wageni!"

Gwilym alicheka mpaka akapaliwa na chai. "Ndiyo kwanza unajua? Wenyewe tunajiita Cymry, watu wa nchi moja. Jina hilo lenu tunawaachia mlitumie, msije mkapotea. Ila ukiniandikia barua, usithubutu kuandika England kwenye bahasha."

Darren hakucheka.

Majira yote yale ya baridi aliniuliza maneno ya Kiwelisi. Povu la maziwa mnaliitaje? Na ukungu usiotaka kuondoka bondeni? Niliona wino vidoleni mwake. Nilihisi jambo, ila hata Nanw sikumwambia.

Machi likafika tamasha letu la mashairi ya Kiwelisi. Kila mtunzi hujificha nyuma ya jina la kubuni, na mshindi hajulikani mpaka tarumbeta ilie naye asimame pale alipoketi. Zawadi ni kiti cha mwaloni kilichochongwa hapa hapa.

Nilikuwa kwenye dirisha la kugawia chai, ukumbini nyuma ya kanisa. Mwamuzi alisema shairi bora lilihusu jina ambalo watu huwabandika wenzao, na vina vyake havikuyumba hata mahali pamoja. "Mgeni," akaita, "na Mgeni peke yake, asimame tarumbeta ikilia."

Ikalia. Hakusimama mtu. Watu wakamgeukia mchungaji, maana ndiye hushinda, akatikisa kichwa. Ikalia tena. Darren alikuwa ameinamia sakafu, masikio mekundu. Hapo nikajua kwa hakika. Kijana aliona kiti cha watu hawa si chake kukalia. Asingesimama kingebaki kitupu, naye asingeweza tena kututazama usoni. Angeondoka, na Nanw angemfuata.

Nikaweka birika chini. "Darren," nikasema, wala si kwa sauti kubwa, "simama, mwanangu."

Gwilym akageuka, mdomo wazi. "Mwingereza?" Akamkazia macho. "Basi simama, bwana! Au tukuburute kama ng'ombe aliyegoma?"

Akasimama.

Desturi ni watu wawili kumshika mshindi mikono na kumpeleka jukwaani. Gwilym alimsukuma mmoja wao kando, akamshika yeye mwenyewe. Upanga mkubwa wa tamasha ukachomolewa nusu juu ya kichwa cha Darren, na mwamuzi akauliza, "Kuna amani?"

"Amani!" ukumbi ukajibu.

Huulizwa mara tatu kabla mshindi hajaketi, na tangu utoto nimejibu bila kufikiri. Siku ile vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Wazee waliokuwa hawamsalimu Darren barabarani walinguruma kwa ajili yake, na vikombe vikatetemeka kwenye rafu yangu. Upanga ukarudi alani. Darren akaketi polepole, kama anayeogopa kukiamsha kiti.

Alfajiri iliyofuata nililisikia lori likisimama kwa Gwilym, na kaka yangu akipaza sauti uani:

"Darren Kiti! Umechelewa, maziwa yatachacha!"