Kilima cha Mangea, kwa Kazi

Miaka ya themanini nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Malindi. Kazi yangu ilikuwa kugawa funguo na kupiga taipureta. Siku moja meneja aliniita ofisini akaniambia kwamba wageni wamechoka kulala ufuoni. Wengine walikuwa wameuliza kama kuna mahali pa kutembea kwa miguu, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Akataka nimwandikie njia tatu: moja rahisi, moja ya wastani, na moja ngumu.

"Ngumu kiasi gani?" nikamuuliza.

"Ngumu ya kupendeza," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Ile rahisi haikunisumbua. Mimi ni mtu wa Mambrui, basi nikaandika njia ya pwani mpaka pale mto Sabaki unapoingia baharini. Ya wastani nikachagua Marafa, kwenye makorongo mekundu. Nilishuka na kupanda mara moja, nikatoka na vumbi mpaka kwenye kope. Lakini ile ngumu nilikosa la kuandika. Kwetu mtu akienda mbali kwa miguu, ujue amekosa gari.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa kazi, dada mmoja aliyekuwa akitandika vyumba, kwao upande wa Ganze. Alisema karibu na kwao kuna kilima cha Mangea, na angeweza kunipandisha siku yake ya mapumziko. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwaka mzima tulikuwa tukiamkuana tu kwenye ngazi, yeye na shuka zake, mimi na funguo zangu.

Gari la hoteli lilitushusha kwao asubuhi. Nilikuwa nimevaa viatu vya kazini na shati jeupe, na daftari mkononi. Mamake alikuwa uwanjani akipukuchua mahindi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele.

"Mnakwenda juu kutafuta nini, mwanangu?"

"Hatutafuti kitu, mama. Tunapanda tu, kisha tunarudi."

"Kuna mbuzi amepotea?"

"Hapana."

Akaendelea na mahindi yake.

Njia ilipita kwenye mashamba makavu, halafu ikaingia msituni na kuanza kupanda. Mwenzangu alivua ndara zake, akazishika mkononi, akaenda mbele. Mimi viatu vyangu viliteleza kwenye kila jiwe. Nikaandika daftarini "ngumu". Muda si muda tukakutana na mama mmoja anateremka na mzigo wa kuni kichwani. Nikaona bora nimuulize mwenyeji.

"Samahani, mama. Njia hii ni ngumu?"

"Wewe umebeba nini?"

"Daftari."

"Basi si ngumu," akasema, akapita.

Nikafuta. Mbele kidogo nikateleza tena, nikaandika tena. Tulipofika juu ukurasa ulikuwa umechafuka, na sikujua ninapima kilima au ninajipima mwenyewe. Niliona mstari mweupe mbali sana, nikasema ile ni bahari. Mwenzangu akasema ni ukungu. Tukabishana kidogo bila kuafikiana. Kisha akaniuliza, "Umepapenda kwetu?"

"Nimepapenda," nikajibu huku nikiandika saa tuliyofika.

Tuliporudi, uwanja ulikuwa umefagiliwa. Babake alikuwa amevaa shati safi, na wazee wawili wa jirani walikuwa wameketi naye. Jogoo alikuwa amefungwa miguu mbele yao. Babake akanipa kisu.

"Wewe ni Mwislamu," akasema. "Chinja mwenyewe, ule bila wasiwasi."

Sikuwa nimechinja hata siku moja, kwetu hiyo ilikuwa kazi ya baba. Lakini nilitaja jina la Mungu nikachinja, na wazee wakaitika kwa pamoja kana kwamba nimejibu swali. Wakati wa kula, babake alianza kuniuliza habari zetu. Wazazi wako hai? Mko wangapi? Mimi nikajibu vizuri, nikifurahia ukarimu.

"Na mzee wako anajua kuwa uko hapa?"

"Anajua niko kazini."

Wakatazamana. Babake akamgeukia binti yake, naye akaendelea kuutazama mchuzi. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kuwa chakula kile ni cha jambo jingine, na kwamba mimi peke yangu sijaambiwa.

Tulipopanda gari jioni nikamuuliza, "Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ni kazi ya hoteli. Mama akauliza, hoteli inamlipa mtu mzima apande kilima? Nikamwambia ndiyo. Hakuamini."

"Mbona hukumrekebisha baba alipodhani nimekuja kuposa?"

"Nilikuwa nimechoka," akasema, akageukia dirishani.

Karatasi niliipiga taipu, tukaibandika karibu na mapokezi. Mangea niliiweka kwenye ngumu. Wiki ya kwanza mume na mke, watu wazima wenye mvi, walikwenda Mangea wakarudi wakicheka, wakasema ni matembezi mepesi. Vijana waliofuata pwani mpaka Sabaki walirudi wameungua na jua, mmoja akatapika kwenye ngazi. Meneja akaniagiza nibadilishe majina, rahisi iwe ngumu na ngumu iwe rahisi. Nikabadilisha. Baadaye walikuja wengine wakalalamika kinyume, akaamuru nirudishe kama zamani.

Miezi michache baada ya hapo mwenzangu alipata kazi Mombasa. Siku ya kuondoka alipita mapokezi kukabidhi funguo za stoo ya shuka.

"Mama anakusalimu," akasema.

"Nami namsalimu sana."

Akasimama pale kidogo, mkono juu ya kaunta. Simu ikalia, nikaipokea, na nilipoinua uso alikuwa ameshafika mlangoni na mkoba wake. Mpaka leo sijui alikuwa akingoja niseme nini, wala kama kweli alikuwa akingoja.